Toleo, Upatanifu na Ukaguzi: Istilahi za Faili za Data kwa Mfano wa Mpaka wa Karatu na Ngorongoro

1. Utangulizi

Mtafsiri anayepewa mwongozo wa programu ya kompyuta hakosi kukutana na dhana mbili zinazokwenda pamoja. Ya kwanza ni uwezo wa programu mpya kusoma faili zilizoandikwa na programu ya zamani. Ya pili ni hatua ya programu kukagua toleo la faili kabla ya kuisoma. Dhana ya kwanza hufasiriwa mara nyingi neno kwa neno kuwa "utangamano wa nyuma". Msomaji Mswahili aulizapo "nyuma ya nini?", hapati jibu.

Makala haya hayakusudii kuongeza jina jingine juu ya majina yaliyopo. Yanakusudia kueleza kwanza jambo lenyewe, kisha kupima majina yanayolifaa, kwani istilahi isiyotanguliwa na maelezo ya dhana ni ganda lisilo na punje. Mfano wetu mkuu tumeuchukua mahali ambapo mashamba ya Wilaya ya Karatu yanakutana na Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro. Hapo mwalimu na mtumishi wa serikali waweza kuona juu ya ardhi, kwa macho yao, matokeo ya jambo linalotendeka ndani ya faili bila kuonekana.

2. Faili ya baiti na umbo lake

Kompyuta huhifadhi kila kitu kwa biti, yaani tarakimu zenye thamani ya sifuri au moja. Biti 8 hufanya baiti moja, na baiti moja yaweza kubeba namba yoyote kuanzia 0 hadi 255. Faili za maandishi hutumia baiti hizo kuwakilisha herufi, na mtu huweza kuzifungua akazisoma. Lakini faili nyingi za data hazina herufi za kusomwa na mtu. Zina namba zilizopangwa kwa utaratibu maalumu. Asiyeujua utaratibu huo huona baiti tu, mfano wa mtu aliyeokota mzigo wa funguo bila kuambiwa kila ufunguo ni wa mlango gani.

Tuchukue muundo wa faili za maumbo uliotolewa na kampuni ya ESRI ya Marekani, ambao maelezo yake yalichapishwa mwaka 1998. Muundo huu hutumika sana katika kazi za ramani, na faili yake kuu hutambulikana kwa kiishio cha .shp. Baiti 100 za mwanzo wa faili hiyo ni kichwa chake. Baiti 4 za kwanza zina namba 9994, ambayo ndiyo alama ya utambulisho: faili isiyoanza kwa namba hiyo si faili ya maumbo. Baada yake zipo baiti 20 zilizoachwa bila kazi, kisha urefu wa faili, kisha nambari ya toleo, ambayo ni 1000, kisha aina ya maumbo yaliyomo: 1 kwa nukta, 3 kwa mistari, 5 kwa maeneo yaliyozungukwa na mpaka.

Mpangilio huu una somo kwa mtafsiri. Namba 9994 haiingii katika baiti moja, hivyo hugawanywa: baiti zake ni 0, 0, 39, 10, kwa kuwa 39 mara 256 kujumlisha 10 ni 9994. Hapa baiti nzito imetangulia. Lakini nambari ya toleo, 1000, imeandikwa katika faili hiyo hiyo kwa baiti 232, 3, 0, 0. Hapa baiti nyepesi ndiyo iliyotangulia. Programu ikisoma alama ya utambulisho kwa mpango usiofaa, badala ya 9994 itapata 170,328,064. Kwa hiyo alama hiyo hufanya kazi mbili: huitambulisha faili ni ya muundo gani, na papo hapo humthibitishia msomaji kwamba anasoma kwa mpango unaofaa.

3. Njia tatu za kumpokea mgeni

Programu inapokuta nambari ya toleo isiyoijua, yaweza kutenda moja kati ya mambo matatu.

Kwanza, yaweza kukataa, na kutoa ujumbe kwamba faili hii ni ya toleo lisilojulikana. Njia hii humkera mtumiaji, lakini haimdanganyi.

Pili, yaweza kusoma inayoyajua na kuruka isiyoyajua. Ili jambo hili liwezekane, mwenye kubuni muundo hana budi kuliandaa tangu mwanzo. Mfano mzuri ni muundo wa picha wa PNG, uliotolewa mwaka 1996. Kila fungu la data ndani ya faili hiyo hutanguliwa na urefu wake na jina la herufi nne. Herufi ya kwanza ya jina ikiwa kubwa, fungu hilo ni la lazima, na programu isiyolielewa haina ruhusa ya kujifanya imeielewa picha. Herufi hiyo ikiwa ndogo, fungu ni la ziada, na programu ya zamani yaweza kuliruka kwa kuhesabu urefu uliotajwa, kisha ikaendelea. Kwa njia hii programu ya zamani huweza kupokea faili ya kesho bila kuharibikiwa.

Tatu, programu yaweza kukisia. Husoma kana kwamba hakuna kilichobadilika, na kutoa matokeo yenye sura nzuri. Hii ndiyo njia yenye hatari kuliko zote, kwa sababu kosa lake halipigi kelele.

Ziko pia hali ambapo mbunifu hakuacha nafasi ya kutosha. Satelaiti za GPS huhesabu majuma kuanzia tarehe 6 Januari 1980. Katika ujumbe wake wa asili, namba ya juma ilitengewa biti 10 tu, yaani majuma 1,024. Hesabu ikijaa hurudi sifuri, na imefanya hivyo mara mbili: Agosti 1999 na Aprili 2019. Kifaa ambacho hakikuandaliwa kwa tukio hilo hudhani kimerudi karibu miaka 20 iliyopita. Ujumbe wa GPS ulioundwa baadaye umetengewa biti 13, lakini ule wa zamani haukuondolewa, kwa sababu vifaa vingi vilivyomo mikononi mwa watu haviujui mwingine. Huo ndio mzigo wa upatanifu: mwenye kuboresha hulazimika kuendelea kusema lugha ya jana kwa ajili ya wasiojua ya leo.

4. Mpaka wa Karatu na Ngorongoro

Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro liliundwa kwa sheria mwaka 1959, na lina ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 8,300. Karatu, iliyokuwa sehemu ya Wilaya ya Mbulu, ilifanywa wilaya katika miaka ya 1990. Msafiri atokaye Karatu mjini kuelekea lango la Lodoare hupita kati ya mashamba, kisha ghafla mashamba hukoma na msitu huanza. Ndani ya mpaka kilimo hakiruhusiwi. Nje ya mpaka, kilimo ndicho riziki ya watu. Kwa hiyo mahali unapopita mstari si suala la wachora ramani peke yao.

Ramani za karatasi za eneo hili, zenye kipimo cha 1:50,000, zilichorwa kwa msingi wa upimaji uitwao Arc 1960. Msingi wa upimaji ni makubaliano juu ya umbo la dunia na mahali pa kuanzia kuhesabu. Arc 1960, uliotumika Kenya, Uganda na Tanzania, hutegemea umbo la dunia lililokokotolewa na Clarke mwaka 1880. Vifaa vya GPS hutumia msingi mwingine, WGS 84. Namba zile zile zikisomwa kwa msingi huu na kwa msingi ule huonyesha mahali pawili tofauti; kwa sehemu zetu hizi tofauti hiyo inakaribia mita 300, na sehemu yake kubwa ni ya kaskazini na kusini.

Waswahili hatuna haja ya kwenda mbali kulielewa jambo hili. Mtu akiandika katika karatasi "kikao saa 2" bila kusema zaidi, wa kwetu atafika jua likiwa limekwisha kupanda, na mgeni ahesabuye tangu usiku wa manane atafika saa sita kabla yake, au saa sita baada yake ikiwa amedhani ni saa mbili za mchana kwa hesabu yake. Namba ni ile ile na wote wawili wameisoma sawasawa. Kilichokosekana ni taarifa ya mahali hesabu ilipoanzia.

Sasa tuchukue mfano wa kubuni. Karani mmoja amenakili mpaka wa hifadhi kutoka ramani ya karatasi, akauhifadhi katika faili ya maumbo. Mpimaji mwingine amezunguka mashamba ya kijiji kwa kifaa cha GPS, naye akahifadhi katika faili ya maumbo. Ofisi yapokea faili zote mbili na kuziweka katika programu moja. Programu yakagua: alama ya utambulisho 9994, sawa; toleo 1000, sawa; aina 5, sawa. Faili zote mbili zakubaliwa, na mistari yachorwa mmoja juu ya mwingine. Ukaguzi umefanyika na hakuna aliyevunja kanuni, hata hivyo ramani iliyotokea ni ya uongo kwa kiasi cha mita 300.

Katika ramani ya karatasi mita 300 ni milimita 6, unene wa kidole kidogo haufiki. Juu ya ardhi, kiwanja chenye mita 300 kila upande ni hekta 9, ambazo ni eka 22 na kitu. Mahali mpaka unapokwenda mashariki na magharibi, kila kilometa moja hukosewa kwa hekta zinazokaribia 30. Mkulima aliye nje ya mpaka aweza kuonekana yumo ndani, na aliyeingia ndani akaonekana yuko nje. Mtumishi atakayekwenda kumwambia ahame atakuwa na ramani iliyochapwa vizuri na yenye rangi, na mkulima hatakuwa na cha kuijibu ila kumbukumbu ya mti na kijito.

Kwa nini ukaguzi haukulibaini kosa? Kwa sababu nambari ya toleo hueleza umbo la faili. Haielezi maana ya namba zilizomo. Maelezo ya mwaka 1998 yalitaja faili tatu tu zinazokwenda pamoja: ya maumbo, ya faharasa na ya majedwali. Taarifa ya msingi wa upimaji ilikuja kuwekwa katika faili ya nne, yenye kiishio cha .prj, ambayo si ya lazima. Nyongeza hii ilifanywa kwa heshima ya programu za zamani: haikugusa kichwa cha faili kuu, na nambari ya toleo ilibaki 1000. Upatanifu ulilindwa. Lakini gharama yake ni kwamba anayetuma faili tatu na kuisahau ya nne aweza asipate onyo lolote, na anayezipokea aweza asitambue kwamba kitu kimepotea.

Yapo na mengine ya namna hiyo. Kanda za ramani hugawanywa kwa longitudo, na longitudo ya nyuzi 36 mashariki hutenganisha kanda ya 36 na ya 37. Karatu na Ngorongoro zimo katika kanda ya 36; Arusha mjini, yaliko makao makuu ya mkoa, imo katika ya 37. Namba isiyotajiwa kanda yaweza kuwa ya huku au ya kule. Aidha, Tanzania imekwisha kuandaa mfumo mpya wa rejea uitwao TAREF11, kwa hiyo kabati la ofisi laweza kuwa na data za misingi mitatu kwa wakati mmoja.

5. Ng'ombe, Mang'ola na herufi

Tatizo hilo hilo hujitokeza katika maandishi. Mfumo wa herufi wa ASCII, uliotolewa mwaka 1963, una nafasi 128, nazo zinatosha kwa Kiswahili chote. Mwaka 1992 Ken Thompson na Rob Pike walibuni mfumo wa UTF-8, ambao waweza kubeba herufi za lugha zote. Waliupanga kwa namna ambayo kila faili ya ASCII ni faili halali ya UTF-8 pasipo kubadilishwa hata baiti moja. Hivyo maandishi ya Kiswahili yaliyohifadhiwa kwa ASCII miongo mingi iliyopita husomeka leo bila kufasiriwa upya. Ni mfano bora wa upatanifu ulioandaliwa tangu siku ya kwanza, na lugha yetu imefaidika nao bila gharama.

Hata hivyo liko shimo moja. Katika neno "ng'ombe" alama ya ritifaa iliyonyooka ni ya ASCII, lakini ile iliyopinda, ambayo programu za kuandikia huiweka zenyewe, siyo. Katika UTF-8 ritifaa iliyopinda huchukua baiti tatu, na programu inayodhani inasoma mfumo wa zamani wa Windows huzionyesha kama alama tatu: "ngâ€™ombe". Kata ya Mang'ola, wilayani Karatu, yaweza kugeuka "Mangâ€™ola" katika orodha, na kompyuta itakapotafuta jina lililoandikwa vyema haitalipata. Lugha ya Kimaasai, inayohitaji herufi kama ŋ, ɛ na ɔ, hukumbwa na hatari hiyo mara nyingi zaidi. Na Kiiraqw, kinachotumia mkwaju kama herufi ya sauti ya kooni, kimo ndani ya ASCII lakini hukuta kikwazo kingine: kompyuta nyingi hutumia mkwaju kutenganisha majalada, kwa hiyo haziukubali katika jina la faili.

Jedwali la faili ya maumbo, lenye kiishio cha .dbf, lina ufinyu wa aina nyingine uliorithiwa kutoka programu ya dBASE ya miaka ya 1980: jina la safu halizidi herufi 10. Karani aandikaye "idadi_ya_kondoo" na "idadi_ya_kuku" atakuta majina yote mawili yamekatwa kuwa "idadi_ya_k". Kwa lugha yetu, ambayo hutanguliza neno kuu na kuacha kinachobagua mwishoni, ukomo huu huuma zaidi. Ni heri kuandika "kondoo_n" na "kuku_n", kinachobagua kikitangulia.

6. Uchaguzi wa istilahi

Tumekwisha kuona dhana. Sasa tupime majina. "Utangamano wa nyuma" lina kasoro mbili. Kwanza, halisemi kitu kinatangamana na nini. Pili, neno "nyuma" lina sura mbili katika Kiswahili. Tusemapo "siku za nyuma" tunakusudia zilizopita. Lakini katika safari, aliyetangulia yuko mbele na afuataye yuko nyuma. Hivyo "toleo la nyuma" laweza kueleweka kuwa la zamani, na laweza pia kueleweka kuwa linalofuata. Istilahi inayobeba maana mbili zinazopingana haifai, hasa katika mwongozo ambao msomaji wake atafuta faili za zamani akidhani programu mpya hazihitaji.

Kiswahili kina vitenzi viwili visivyo na utata huo: kutangulia na kufuata. Kwa msingi huo tunapendekeza yafuatayo.

Toleo: hali moja ya muundo au programu, yenye kanuni zake, inayotofautishwa na nyingine kwa nambari.

Kichwa cha faili: baiti za mwanzo zinazoeleza yaliyomo katika faili.

Alama ya utambulisho: namba au herufi za mwanzo wa kichwa zinazoonyesha faili ni ya muundo gani.

Ukaguzi wa toleo: hatua ya programu kusoma nambari ya toleo na kuamua kupokea, kuruka au kukataa.

Upatanifu na matoleo tangulizi: uwezo wa programu mpya kusoma faili za matoleo yaliyotangulia.

Upatanifu na matoleo fuatizi: uwezo wa programu ya zamani kupokea faili za matoleo yatakayofuata, japo kwa kuruka isiyoyaelewa.

Nafasi ya akiba: baiti zilizoachwa bila kazi kwa ajili ya mahitaji ya baadaye.

Mpango wa baiti: utaratibu wa kutanguliza baiti nzito au baiti nyepesi.

Msingi wa upimaji: makubaliano juu ya umbo la dunia na mwanzo wa hesabu, yanayozipa namba za mahali maana.

Tumechagua "upatanifu" badala ya "utangamano" kwa sababu kutangamana ni kwa pande mbili zilizo sawa. Faili ya zamani haiwezi kujirekebisha; ni programu mpya ndiyo inayojirekebisha ili ipatane nayo.

7. Hitimisho

Kwa mwalimu, jambo la kusisitiza ni kwamba ukaguzi wa toleo ni mlinzi wa mlangoni: huuliza mgeni ni nani, haulizi amebeba nini. Kwa mtafsiri, tahadhari ni kutotumia "toleo sahihi" kana kwamba ni sawa na "data sahihi". Faili za karani na mpimaji wetu zilikuwa na la kwanza bila la pili. Kwa mtumishi wa serikali, wajibu ni mwepesi kuutaja: kila faili ya mahali iambatane na maandishi yanayotaja msingi wa upimaji, kanda, chanzo, tarehe na aliyeipima, na faili ya maumbo isiyo na.prj irudishwe kwa aliyeituma kabla ya kuchorwa juu ya nyingine. Mistari mitano ya maelezo kwa Kiswahili chepesi, ikiandikwa siku ile ile data zinapokusanywa, yatosha kumwepusha mkulima wa Karatu na mita 300 zisizo zake, na kuiepusha hifadhi na hasara ya namna hiyo hiyo.